Klabu ya wavu chuoni inakufa kila Julai. Zenu mnaziendeshaje?

Katibu_Mpya:

Wakuu, habari za jioni.

Nipo mwaka wa pili, chuo kimojawapo hapa Dodoma. Sitakitaja maana najua walimu nao wamo humu. Mwaka jana nilijiunga na klabu ya mpira wa wavu baada ya kuona karatasi imebandikwa mlango wa kantini: WAVU, WOTE MNAKARIBISHWA, SAA 10 JIONI. Sikuwa nimecheza popote, si UMISSETA, ile michezo ya sekondari, wala mtaani. Nikaenda na raba za kuendea sokoni, nikapokelewa, nikaupenda mchezo.

Shida ni kwamba waliotupokea wote walikuwa mwaka wa tatu. Julai wamemaliza UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula, wamebeba mabegi, wamekwenda zao. Nahodha alinipigia simu akiwa stendi anapanda basi: "Mdogo wangu, wewe ndiye katibu sasa. Funguo ya boksi nimeiacha kwa mama wa chapati." Huo ndio uchaguzi mkuu uliofanyika.

Nimelifungua boksi. Kuna mipira mitatu, mmoja umevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu. Neti iliachwa kiwanjani likizo nzima, ukiivuta kidogo inakatikia mkononi. Daftari la michango lipo, ila kurasa za katikati zimechanwa. Kundi la WhatsApp lina watu zaidi ya mia, wengi wao wako makazini Mbeya na Mtwara, wanatumiana salamu za asubuhi zenye maua.

Mazoezini tunafika nane au tisa, siku nyingine tunaishia kupiga duara tu. Na mwaka wa kwanza wameshaingia, kila nikipita bwenini naulizwa, "Dada, klabu ya wavu ipo?" Najibu ipo. Moyoni sina uhakika.

Naombeni mnijuze: mchango unatozwa kiasi gani bila watu kukimbia? Usajili kwa mshauri wa wanafunzi unahitaji nini? Na mtu asiyejua kabisa kucheza anawekwa wapi ili asikate tamaa wiki ya kwanza? Nawaomba hasa mliosoma huku kwetu kwenye vumbi na upepo, siyo mliochezea ukumbini.

Bahi_Road:

Wavu Dodoma? Huku sevu, ule mpira wa kuanzisha, ikipigwa juu kidogo mpira unakwenda kuokotwa Bahi. Nakaa pembeni nasoma.

Mweka_Hazina_Mstaafu:

Bi Katibu, pole na hongera kwa mpigo. Nilishika pesa za klabu ya wavu kwenye chuo kimoja hapo Dodoma, sasa hivi niko Manyoni natumikia halmashauri. Leo Jumapili, watoto wamelala, nitaandika mrefu. Asiyependa mrefu aruke.

Kwanza watu wanachanganya timu ya chuo na klabu. Timu ya chuo ni mali ya chuo. Inachagua watu, ina mwalimu wa michezo, inakwenda kwenye mashindano ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu nchini, na basi linalipwa na chuo. Wakiwa wazuri, mbele kuna michezo ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na juu yake ile ya Afrika nzima chini ya FASU, shirikisho la michezo la vyuo vikuu vya Afrika. Hayo siyo yako. Klabu ni ya yule aliyekuja na raba za sokoni kama ulivyokuja wewe. Ukianza kuchuja watu klabuni ili upate sita wakali, unabaki na sita wakali, na wote wanaondoka mwaka mmoja. Klabu nyingi zinafia hapo. Halafu viongozi wanalalamika kwamba mwaka wa kwanza siku hizi hawapendi michezo!

Pili, na hili nitalirudia mpaka unichoke: makabidhiano. Funguo kuachwa kwa mama wa chapati siyo makabidhiano, ingawa namshukuru mama huyo, maana wengine wanaondoka nayo mpaka Tarime.

Sisi tulikuwa na utaratibu mmoja tu na ndio uliotubeba. Muhula wa pili ukianza, mwaka wa tatu hashiki cheo chochote. Unahodha wa uwanjani anaruhusiwa, kwa sababu unahodha wa uwanjani unaisha na filimbi. Lakini katibu, mweka hazina na mtunza vifaa wanakuwa mwaka wa pili, na kila mmoja anapewa msaidizi wa mwaka wa kwanza anayetembea naye kila anakokwenda: kwa mshauri wa wanafunzi, stoo, dukani. Wakubwa wanabaki kuwa washauri wakati bado wapo chuoni, unaweza kumgongea mtu mlango ukamuuliza, "Kaka, ile barua mliandika vipi?" Julai anaondoka na hakuna kilichotikisika. Wewe umeshachelewa kwa mwaka huu, basi fanya sasa hivi Novemba. Vyeo vitatu vinatosha. Klabu jirani yetu iliwahi kuwa na makamu wa pili wa katibu mwenezi na haikuwa na pampu.

Makabidhiano yenyewe yafanyike kiwanjani, mbele ya watu, siku ya mazoezi. Mipira inatolewa mmoja mmoja inadundishwa. Inaandikwa: mipira kadhaa, huu mzima, huu unavuja. Neti. Kamba. Pampu. Sindano ya pampu, hiyo iandike peke yake kwa herufi kubwa, maana klabu hazifi kwa kukosa mipira, zinakufa kwa kukosa sindano ya shilingi mia tano. Yetu ilikaa kwenye kichupa cha dawa chenye tone la mafuta ya kula ndani, kichupa kimefungwa na uzi kwenye pampu. Sindano kavu inachana mdomo wa mpira, na huo mpira wako uliovimba sishangai kama mtu aliujaza kwenye gereji ya pikipiki. Mpira wa wavu unataka upepo kidogo sana. Ukibonyeza kwa vidole gumba viwili ubonyee kidogo, basi inatosha. Ukishakuwa mgumu kama wa miguu, wageni wako wa mwaka wa kwanza wataumia mikono siku ya kwanza na hutawaona tena.

Hela. Usitangaze mchango kabla ya bumu, hela ya mkopo, kuingia. Mwenye mkopo ana hela yake ya chakula na malazi, na pembeni yake yupo mwenzake asiye na mkopo kabisa anayekula mlo mmoja. Sisi wiki za kwanza zilikuwa bure kwa kila mtu. Baada ya hapo elfu tano kwa muhula, unalipa hata kwa vipande. Aliyeshindwa alikuja kwangu tukazungumza wawili tu, akapewa kazi: kufunga neti, kumwagia kiwanja maji, kuandika pointi. Jina lake liliandikwa "amelipa" kama wengine. Sikuona sababu ya kuandika vinginevyo.

Pesa zisikae kwenye laini yako ya simu. Siyo kwamba wewe ni mwizi. Utaishiwa siku moja, utaona elfu arobaini imekaa pale, utasema nitarudisha Ijumaa. Fungueni M-Koba au huduma nyingine ya vikundi, muamala ukifanyika wenzako wanauona. Na kila Ijumaa piga picha ukurasa wa daftari utume kwenye kundi. Picha, siyo maelezo. Kurasa zilizochanwa kwenye daftari lako zina historia, lakini usiifukue. Anza daftari jipya, andika juu "salio la kuanzia: sifuri", songa mbele.

Kundi la WhatsApp lile liache liwe la wastaafu. Siku moja utawachangisha. Fungua jipya la waliopo chuoni tu.

Usajili. Vyuo vinatofautiana kidogo, lakini ofisi ya mshauri wa wanafunzi mara nyingi itataka katiba, orodha ya wanachama yenye namba zao za usajili na saini, na mlezi ambaye ni mtumishi wa chuo. Katiba kurasa mbili zinatosha, msiige ya chama cha siasa. Kwenye mlezi watu wanakosea: wanakimbilia profesa mwenye jina. Profesa yuko safarini. Mlezi wetu alikuwa fundi sanifu wa maabara, sidhani kama aliwahi kushika mpira, lakini barua ukimpelekea asubuhi mchana imesainiwa. Ukiwa na mlezi wa namna hiyo, hata waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi anakuheshimu.

Ratiba. Chagua siku mbili, zisibadilike. Klabu zinazosema "kila siku jioni" zinamaanisha hakuna siku. Saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili na robo, usivuke, maana Novemba jua la Dodoma linazama kama saa kumi na mbili na nusu na wasichana wanatakiwa wafike mabwenini kwa mwanga. Februari linasogea mpaka karibu saa moja, hapo mnapata nusu saa ya nyongeza.

Sasa kiwanja, hapa ndipo penye utamu. Simama katikati ya kiwanja chenu saa kumi na moja jioni. Kama upande mmoja mnaangalia jua moja kwa moja, aliyechora kiwanja alikosea, mistari mirefu ielekee kaskazini na kusini. Kama ni nguzo za kuchimbia, zing'oeni muhula huu wa mvua ardhi ikiwa laini, ni mita 18 kwa 9 tu, kazi ya asubuhi moja. Upepo wetu unatoka mashariki, kwa hiyo kiwanja kikikaa hivyo unawapiga ubavuni timu zote mbili sawasawa, hakuna wa kulalamika. Wafundishe wageni kurusha mpira juu kidogo tu wakati wa kuanzisha, usipite kichwa sana, kisha waupige bapa katikati bila kuuzungusha. Mpira usiozunguka ukikutana na upepo wa Dodoma unacheza wenyewe hewani, mpokeaji hajui unaangukia wapi. Tulikuwa na binti mmoja mdogo wa kimo, anatokea Mpwapwa, hajawahi kupiga smashi hata moja ya maana, lakini akienda kuanzisha tulikuwa tunaenda kunywa maji. Mnakuta pointi tano zimeingia. Mwanachama asiyejua kabisa anza naye hapo, kwenye sevu. Ndiyo kazi pekee ya wavu ambayo mtu anaifanya peke yake bila kumharibia mwenzake, na baada ya wiki mbili anajiona mchezaji.

Neti, ishusheni kila siku. Kila siku! Jua la Septemba la hapo linaila nailoni mkiwa mmelala makwenu. Kimo tulipima kwa ufito wenye misumari miwili: wa chini mita 2.24 ya wanawake, wa juu 2.43 ya wanaume. Mazoezi ya klabu yote tulicheza kwenye msumari wa chini. Wavulana walinung'unika wiki moja, kisha wakagundua kwamba kwenye neti fupi na wao wanapiga smashi za kuonekana, wakanyamaza.

Nimechoka kuandika. Uliza kilichobaki.

Katibu_Mpya:

Kaka asante sana, nimesoma mara mbili. Hilo la mlezi limenifungua macho, maana sisi wa kwetu ni daktari mmoja mkubwa na hatujawahi kumuona uso.

Kiwanja chetu ndicho hicho cha kuangalia jua. Kila mtu anataka kuanza upande wa magharibi ili aligeuzie jua mgongo, nikadhani ni kawaida ya mchezo.

Nina swali la wasichana. Wapo wanaotaka kucheza ila wanavaa hijabu na hawataki bukta, na nahodha aliyepita aliwaambia jezi ni moja kwa wote. Wakaacha. Naweza kuwarudisha?

Dada_wa_Pete:

Mdogo wangu, warudishe leo hii. Mimi ni wa netiboli, niliongoza klabu yetu chuo kingine hapo hapo Dodoma, na tulivaa suruali za michezo chini ya sketi, mikono mirefu ndani ya jezi, hijabu ya kubana isiyo na pini. Pini ndiyo ya kukataza, na hereni, na kucha ndefu. Kitambaa hakijawahi kumtoboa mtu jicho. Olimpiki ya Rio 2016 Doaa Elghobashy wa Misri alicheza wavu wa ufukweni, mchezo wa bikini ule, amevaa hijabu na suruali, dunia nzima ikiangalia. Sasa nahodha wa kwenu alikuwa analinda kanuni ipi?

Kwa Mweka Hazina nina ugomvi kidogo, kwa heshima zote. Elfu tano kwa muhula kwa wasichana wa netiboli ilikuwa haipatikani, na ile habari ya "njoo tuzungumze wawili" wasichana wengi hawaji. Mtu anaona aibu, anaacha mazoezi kimya kimya, wewe unaandika kwenye ripoti kwamba hana moyo. Sisi tulifuta mchango kabisa. Tukawa tunauza. Jumamosi asubuhi tulikodi majiko mawili kwa mama mmoja, tukapika maandazi, tukauza mabwenini kabla kantini haijafungua. Watu wa mabwenini wamelala mpaka saa nne, wakiamka wana njaa na hawataki kutembea juani. Mipira miwili na bibu za herufi zote saba zilitoka kwenye maandazi. Anayepika ni mwanachama hai, imeisha hiyo.

Tena mkipika pamoja mnajuana. Mwaka wa kwanza anayekaa kimya kiwanjani, kwenye unga anaongea.

Jambo jingine, asichaguliwe mchezaji bora kuwa kiongozi. Tulimchagua mfungaji wetu, mkali kweli, akawa anasahau kuomba kiwanja kwa sababu kichwa chake kiko golini. Mtafute yule anayefika mapema na kuuliza kama maji yapo.

Mweka_Hazina_Mstaafu:

Dada wa Pete, la maandazi nalikubali. La aibu pia nalikubali nusu. Ila mtu asiyetoa hata jero kwenye kitu anakiona si chake, na mwezi wa pili maandazi yanaisha hamu, wapishi wanabaki wale wale watatu. Wafanye vyote viwili, mchango uwe elfu mbili.

Dada_wa_Pete:

Haya, elfu mbili. Wahasibu nyie!

Kizota_Kwetu:

Mimi nitakuwa yule mjomba wa kuharibu sherehe. Nimefundisha chuo miaka mingi na nimeshasaini barua nyingi za wanamichezo. Bi Katibu, wiki mbili kabla ya UE funga mazoezi, funga boksi, na tangaza tarehe hiyo mapema mwanzoni mwa muhula. Usiseme "atakayeweza aje". Wanaokuja ni wale wale ambao hawakutakiwa kuja. Nimeona vijana wana supu tatu, mitihani ya kurudia, wanasingizia michezo wakati michezo ni jioni mbili kwa wiki. Kilichowala ni kukaa kiwanjani mpaka saa tatu usiku wakipiga soga baada ya mazoezi. Na wapo walioishia kudisko, kuondolewa chuo kwa kufeli.

Mkialikwa nje na siku hiyo kuna testi, barua ya ruhusa ipite kwa mhadhiri wa somo kabla ya safari, siyo baada, na mwanafunzi abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Maneno ya "mwalimu nilikwambia kwenye korido" mimi binafsi siyakumbuki kamwe, hata kama ni kweli niliambiwa.

Na mtu akiteguka kifundo asivutwe na fundi wa mtaani. Kaeni na kadi zenu za bima kwenye mifuko ya raba, nendeni zahanati ya chuo.

Dada_wa_Pete:

Mwalimu umenikumbusha barafu. Hakuna klabu hapo yenye jokofu, lakini kila bweni lina mtu anauza barafu za ubuyu za vifuko. Mkubaliane naye mapema, siku ya mazoezi awabakizie nne za mwisho zilizoganda sawasawa. Unazifunga kwenye kifundo kwa khanga, robo saa. Ukimaliza unampa mgonjwa anywe.

Bahi_Road:

Nimekuja kucheka nimebaki nasoma kama ninajiandaa na UE. Swali la asiyejua: hizo mechi mnacheza na nani? Maana timu ya chuo haiwezi kukubali kucheza na watu wa raba za sokoni.

Mgogo_wa_Hombolo:

Mbukwenyi! Naona mada inahusu nyumbani, wacha niingie.

Mechi za kirafiki zipo, tatizo vijana wa chuo wanadhani mji unaishia getini kwao. Anzeni na sekondari zilizo jirani, watoto wa UMISSETA wanacheza vizuri kuliko mnavyofikiri, watawachapa na mtajifunza. Wavu wa uhakika nchi hii uko kwa majeshi, Magereza na JKT, na sisi tuna kambi ya JKT pale Makutupora. Msiende mkasimama getini na mpira kwapani. Barua ya mlezi, ya mwezi mmoja kabla, mnaomba kuja kujifunza, siyo kushindana. Mkikubaliwa mtafungwa seti zote na mtarudi mmenyamaza kwenye daladala, lakini baada ya hapo mtajua mpokeaji anasimamaje.

La pili ni hela. Mko makao makuu ya nchi, na kila mwaka kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakaa hapo hapo. Wabunge wana klabu yao ya michezo na wanacheza mabonanza, mpaka wavu na kuvuta kamba. Kipindi hicho ndicho cha kupeleka barua ya kuomba neti na mipira, tena ombeni kitu chenye jina na idadi, siyo "msaada wowote". Ukisema msaada wowote utaletewa fulana thelathini za saizi moja. Ila wekeni sharti mapema kwamba hampigi kampeni. Nimeshaona kijana anaruka bloku na sura ya mtu kifuani, mwenye sura alishashindwa uchaguzi siku nyingi.

Hiyo neti iliyooza usinunue mpya kwanza. Za madukani za bei poa hazimalizi muhula. Mabwawa yetu, Hombolo na Mtera, yana wavuvi, na wazee wa pale wanasuka nyavu kwa mkono. Upana mita moja, urefu mita tisa na nusu mpaka kumi, juu unashona turubai jeupe kwa fundi viatu. Shule moja ya jirani yangu wanayo ya namna hiyo na mbuzi ameshanasa humo mara kadhaa, haijakatika.

Katibu_Mpya:

Jamani. Nilidhani nitajibiwa na wawili.

Jumatano tunachagua watatu, na kila mmoja anapata msaidizi wa mwaka wa kwanza. Wale dada wawili wa hijabu nimewafuata bwenini leo. Mmoja kakubali, mwingine kasema atakuja kuangalia kwanza. Mama wa chapati amekubali kutukodisha jiko Jumamosi ila anataka tumnunulie mkaa wenyewe. Kiwanja tutakigeuza mvua ikinyesha vizuri.

Baba wa Hombolo, huo wavu ni bei gani na nimwambieje mzee? Nisije nikaonekana mtoto wa mjini.

Mgogo_wa_Hombolo:

Bei mtaelewana hapo hapo, usiulize kwa simu. Nenda asubuhi wakiwa wameshatoka majini, msalimie kwanza vizuri, kaa. Uzi nunua mwenyewe mjini, ule mnene mweusi, uende nao. Na mwambie mapema kwamba jicho liwe la sentimita kumi, mpelekee kijiti umekikata kipimo hicho kabisa. Usipofanya hivyo atakusukia jicho la perege, na mpira wenu utakuwa hauonekani ng'ambo.

Mweka_Hazina_Mstaafu:

Na umwombe risiti.

Mgogo_wa_Hombolo:

Risiti ya bwawani! Mpige picha akiwa anasuka, ubandike kwenye daftari.